Spika za Baba Mkubwa

Nikiona spika iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, hasira hunipanda mpaka leo. Spika ni mdomo. Nani humfunika mtu mdomo kisha akamlaumu kwamba hasemi vizuri?

Baba mkubwa, kaka ya marehemu baba yangu, alikuwa na nyumba Milimani, mtaa wa wenye nazo katika mji wa kando ya ziwa, na ndani yake chumba kimoja alichokiita sinema. Kilikuwa kidogo, sakafu ya saruji, madirisha ya chuma, ukuta mtupu. Humo alikuwa na televisheni kubwa, mashine ya video, amplifaya na spika mbili ndefu. Moja aliisukuma kwenye kona, nyuma ya kochi. Nyingine aliipandisha juu ya kabati, ikitazama dirisha la barabarani. Nilimwuliza kwa nini inatazama nje.

"Ili anayepita ajue hapa kuna mtu," alisema.

Basi wapita njia walisikia filamu, na sisi tuliokaa ndani tulisikia ngurumo. Hakuna aliyelalamika. Nyumba ile watu walizoea kusifu kitu kabla hawajakitumia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, nami nilikuwa nimerudishwa nyumbani na fizikia yangu nusu. Mama alitoka kijijini kwetu Nyakach, karibu na Pap Onditi, akaja nami kwa baba mkubwa akiwa na shida moja. Mvua ilikaribia, na wazee wa ukoo walikuwa wamemwambia asitie mbegu ardhini kabla hajarithiwa. Mila inasema hivyo: mjane asipande mpaka apate mwanamume wa ukoo wa kumrithi. Akipanda, chira itawashika watoto wake, wakonde mpaka wafe.

Mama hakutaka kurithiwa. Na kilichoniudhi ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa limekwisha. Siku ya mazishi ya baba, baba mkubwa alisimama kando ya jeneza, akashika kipaza sauti, akasema mbele ya umati kwamba mke wa ndugu yake asilazimishwe na yeyote. Sasa kila aliyeulizwa alikuwa amesahau. Mzee mmoja wa ukoo alisema, bila aibu, "Mimi wakati huo nilikuwa upande wa chakula."

Lakini mazishi yalipigwa video, na kanda ilikaa kwa baba mkubwa, akiwaonyesha wageni umati uliokuja kumzika ndugu yake. Mama aliomba iwekwe Jumapili, baada ya kanisa, yule mzee akiwepo.

Ikawekwa. Tulimwona baba mkubwa akifungua mdomo kando ya jeneza. Kilichotoka kilikuwa "mmm-wa... mmm-ngu", kama mtu anayezungumza ndani ya tangi la maji.

"Kanda imeharibika," alisema. "Unyevu wa ziwa."

"Basi," mzee alisema akijinyoosha. "Kanda haikumbuki, nasi hatukumbuki."

Nilisimama. "Kanda haina kosa. Kosa liko kwenye chumba."

"Sikilizeni profesa! Huko chuoni mlirusha mawe, sasa unataka kurusha spika zangu?"

"Na msichana na nyaya, wapi na wapi?" mzee akaongeza.

Nilipiga makofi katikati ya chumba, na kofi moja likarudi mara tatu. Nikaenda chumba cha wageni, nikavuta godoro, nikalisimamisha ukutani limeze mwangwi. Mke wa baba mkubwa akashika kichwa. "Godoro ndani ya sinema! Mtu akiingia?" Nikaondoa vitambaa vyake vya kufuma kwenye spika, akavipokea kama mtu anayepokea nguo za marehemu. Nikashusha spika ya kabatini, nikaitoa ile ya kwenye kona, kwa sababu kona huvimbisha besi mpaka maneno yanazama. Nikapunguza besi pia.

Ikawa afadhali, lakini si sana. Nikazungusha kitufe cha mizani. Sauti ikienda yote kushoto, maneno yalipata umbo, ingawa hafifu. Ikienda kulia, vilevile. Nikiirudisha katikati, spika zote zikifanya kazi, sauti ile nzito ya mwanamume ilikonda, ikatawanyika kutani. Hapo nikajua. Spika zilikuwa zinapingana: moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta. Nikaangalia nyuma ya amplifaya. Spika moja, waya mwekundu ulifungwa penye kishikizo cheusi, na mweusi penye chekundu.

"Nani alifunga hivi?"

"Mimi mwenyewe," alisema baba mkubwa. "Waya ni waya."

Nikazibadilisha nyaya. Kikabaki kiti chake, kilichokaa mahali hasa sauti mbili zinapokutana. Kiti cha mwenye nyumba hakisogezwi wala hakikaliwi na mwingine. Sikukigusa. Nilizigeuza spika zimwelekee mama.

Kanda ikarudishwa nyuma, na safari hii baba mkubwa alisikika kama amesimama pale pale kando ya jeneza: "Mke wa ndugu yangu asilazimishwe na mtu. Atakaa alivyo, na atalima shamba lake."

Kisha mzee akakohoa. "Hayo ni maneno ya kilio. Mtu akifiwa husema mengi."

Baba mkubwa aliitazama spika, hakumtazama mama. "Kweli sauti imekuwa safi," alisema.

Nilitaka kuipasua ile amplifaya kwa mguu. Mjinga mimi, nilidhani wakisikia, itakwisha. Kumbe walisikia tangu siku ya kwanza! Nilitengeneza chumba kizima kwa ajili ya watu wasiokuwa na tatizo la masikio.

Mama ndiye aliyesema. "Shemeji, sauti hiyo ni yako?"

"Ni yangu."

"Unaikana?"

Akasita. "Siikani."

"Basi mimi nilikubali siku ile ile. Mvua ikinyesha, napanda."

"Na chira ikiwashika watoto?" mzee akauliza.

"Mtoto wangu wa kwanza ndiye huyu. Mnamwona amekonda?"

Wote wakanigeukia, nimesimama na jasho langu na mikono yangu minene. Mke wa baba mkubwa akacheka ndani ya vitambaa vyake.

"Rudisha spika zangu mahali pake," baba mkubwa akaniamuru.

"Waya ni waya," nikamjibu. "Rudisha mwenyewe."

Mvua iliponyesha tulipanda, mama na mimi, wawili tu. Hakuna mtu wa ukoo aliyekuja kusaidia, na waliopita njiani walitazama upande mwingine. Kila nilipomwona mmoja wao, nilishusha jembe kwa nguvu zaidi, mpaka mama akasimama, akajishika kiuno.

"Polepole, nyathina, mwanangu," alisema. "Unachimba kaburi. Mahindi hayawezi kutoka huko."