Nchi Ambayo Hakuna Anayekimbia

Nilifundisha Kiswahili Kakuma miaka sita, katika sekondari moja ndani ya kambi ya wakimbizi, nikirudi kwetu Lodwar kila mwisho wa mwezi. Mwaka wa nne tuliletewa maboksi ya vitabu kutoka ng'ambo. Vingi havikuwa na maana kwetu, lakini kimoja kilikuwa riwaya nene ya Kiingereza kuhusu ulimwengu wa wachawi, wenye serikali yao na mabalozi wao. Wanafunzi walikigombania hadi jalada likabanduka.

Aliyekisoma zaidi ya wote ni msichana wa kidato cha tatu, wa miaka kama ishirini, aliyetoka Sudan Kusini akiwa mgongoni mwa mama yake. Siku moja wakati wa mapumziko aliniletea kikiwa wazi kwenye ramani ya mwanzoni.

"Mwalimu, tafuta sisi."

Kenya ilikuwapo: twiga, mti, na mlima Kilimanjaro ambao hata si wetu. Katika hadithi yenyewe wachawi wa Kenya wamepewa ukurasa mmoja. Wanafika mkutanoni wamevaa ngozi, hawasemi neno, wanacheza ngoma, wanaondoka. Turkana, kwetu, ni mchanga mtupu, na joka limelala juu yake. Nilicheka.

"Nyinyi angalau mko na joka," akasema. "Sasa angalia sisi."

Juu ya Kenya palichorwa moshi mweusi. Kitabu kinasema laana zote hutokea huko, na watu wake wanaonekana mara moja tu, wakivuka mpaka mbio na mizigo kichwani.

Nikamwambia lile neno ambalo walimu tunalisema bila kufikiri: "Basi andika ya kwako."

Akaandika. Muhula mzima, madaftari mawili. Ngeli zilimponyoka kila mahali, lakini sijawahi kusoma kazi ya mwanafunzi kwa uroho kama ule. Katika Sudan Kusini yake ng'ombe humwita mfugaji wake kwa jina. Mto husogea kando mama mjamzito akitaka kuvuka. Juba kuna karani anayegawa mvua, na watu hupanga foleni dirishani kwake wakimgombeza akichelewa. Nilimuuliza mbona hadithi haina adui.

"Adui ya nini, mwalimu? Watu wako kazi."

Likizo ilipofika nilishinda siku tatu katika saiba moja ya Lodwar, kwenye kompyuta ya kukodi, nikiichapa na kunyoosha ngeli, kisha nikaituma kwa mchapishaji Nairobi.

Jibu lilichukua miezi mitano, na lilikuwa la upole. Mwandishi ana kipaji, lilisema, ila uchawi wake hauna mashiko. Wasomaji wangevutiwa zaidi na safari yake ya ukimbizi. Je, angeweza kuandika hiyo?

Nilifikiria kumficha. Mwishowe nilimsomea nje ya ofisi ya walimu, nikitazama simu badala ya uso wake.

"Hiyo safari sikumbuki," akasema. "Nilikuwa mtoto." Akaiinamia simu mkononi mwangu. "Kwa hivyo hata kwa hadithi ya uongo, sisi ni wa kukimbia tu?"

Nilisema tutajaribu kwingine. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima tu. Tulijaribu kwa wachapishaji wawili. Hawakujibu.

Mwaka huo chakula cha mgao kilipunguzwa tena, na mama yake akaamua warudi kwao wakaone kama shamba la babu bado lipo. Alipokuja kuniaga nilimwomba aniachie yale madaftari.

"Mama aliwashia jiko. Mimi mwenyewe nilimpa."

Hakulisema kwa uchungu. Ningefurahi kama angelisema kwa uchungu.

Nakala niliyochapa ninayo. Nilipoifungua baadaye nikakuta sentensi zimenyooka, kila ngeli mahali pake, na sauti yake haimo. Niliifuta mimi, siku zile tatu, nikidhani namsaidia.

Wiki chache baada ya wao kuondoka tulisikia kuna mapigano upande walikoelekea. Namba aliyoniachia haikupatikana siku hiyo, na haijapatikana tangu hapo.

Sasa nafundisha Lodwar. Wanafunzi wakiniuliza kama wanaweza kuniletea hadithi walizotunga wenyewe, nawaambia wamalize kwanza insha za mtihani.