Kibati Kilichofutwa Masizi

Refugio Armendáriz, ambaye watu wote walimwita Doña Cuca, tangu afiwe na mumewe alifagia kanisa dogo la kijiji chao huko Chihuahua, kusini mwa mpaka wa Marekani, na asante hakuwahi kupewa. Ukutani vilijaa vibati vya rangi: mtu akiokoka balaa, huchorewa balaa lenyewe kwenye bati, akamtundikia mtakatifu kwa shukrani. Kikongwe kuliko vyote, cheusi kwa moshi wa mishumaa, kilikuwa cha bibi wa bibi yake. Huyo alijificha ghalani, ndani ya mahindi, huku nje ndugu zake wakichunwa ngozi ya kichwa pamoja na nywele. Kijiji kilisema waliochuna ni Waapache, kabila la wapiganaji wa nyikani. Na kila sikukuu Don Gumaro Barraza, mwenye kisima na mwenye ng'ombe, alipanda farasi kumwigiza babu wa ukoo wake, eti ndiye aliyewafukuza.

Cuca alijua vingine. Mama yake alimnong'oneza jikoni, akamkataza kukigusa kibati kile.

Akaja mwalimu Elpidio Rascón kutoka mjini, kwapani ana riwaya ya Mmarekani mmoja kuhusu wachuna vichwa wa zamani, damu tupu mwanzo hadi mwisho.

"Nataka kujua mwandishi huyu habari hizi alizitoa wapi, doña. Zamani serikali ilimlipa fedha kila aliyeleta ngozi ya kichwa cha Mwapache. Lakini Mwapache anapigana! Mkulima amelala zake. Na nywele nyeusi ni nywele nyeusi, nani atauliza?"

"Unaniambia mimi?" Cuca alicheka bila furaha. "Nimezeeka nalo hilo."

Alikuwa amechoshwa na uongo. Alitaka, kabla hajafa, mtu mmoja tu atamke nani aliwaua watu wake. Akakata kiazi, akasugua bati polepole. Masizi yakatoka. Zikajitokeza kofia pana za wauaji, ndevu, buti. Chini kabisa, kwa mwandiko mzito, jina: Barraza. Cuca akalia, na hakujificha.

Nje gari likasimama. Don Gumaro akaingia na kofia kichwani, jambo ambalo hata walevi wa kijiji hawakuthubutu. Akakitazama kibati bila haraka.

"Umekisafisha vizuri, Cuca. Kwa kiazi, eh? Mke wangu hutumia limau." Akamgeukia mgeni. "Mwalimu, si unajua mdomo uliponza kichwa?"



"Nicanor wako nimemtuma milimani kutafuta ndama," akamwambia Cuca. "Yuko na wanangu wawili. Bunduki wanazo, usiwe na wasiwasi. Wanangoja neno langu tu kwa redio, wamrudishe au wasimrudishe."

Nicanor, mchunga ng'ombe wa Don Gumaro, alikuwa mwanawe wa pekee. Cuca akashika benchi.

Elpidio alikuwa ameshika kalamu. "Sema wewe, doña. Hawa waliochorwa ni nani?"

Cuca alizitazama ndevu zile.

"Waapache," akasema. "Andika Waapache, mwalimu. Andika sasa hivi, Don Gumaro aone."