Waliomuua Bibi Chafya

Siku bibi yangu alipouawa mara ya pili, nilikuwa nafagia nywele saluni kwa shangazi.

Mara ya kwanza hakuuawa. Alikufa kitandani kwake, kwa uzee, nimemshika mkono. Ile niliikubali.

Hii ya pili ndiyo iliyonitoa machozi ya hasira mbele ya wateja wenye rola kichwani.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mlango ukasukumwa, akaingia msichana nisiyemjua, amelowa chapachapa, amekumbatia boksi ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Samahani dada. Nimeambiwa hapa kuna watu wanacheza wachawi."

Mteja aliyekuwa kwenye draya akachomoa kichwa.

"Wanacheza nini?"

Shangazi akanikata jicho. "Unaona sasa? Nilikwambia mimi. Watu watasema saluni yangu ina mambo."

Ngoja nieleze, maana najua na nyie mmeshaanza kujisogeza mbali nami.

Ni mchezo wa kuigiza wa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanakuwa wahusika. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye daraja bovu, mnafanya nini?" Mnaamua, mnarusha dadu, dadu inasema kama mmevuka au mmetumbukia. Dunia yenyewe ni ya zama zile za ngome, farasi na mapanga.

Msimulizi ni mimi. Nilisoma jiografia chuo, nikamaliza, nikarudi nyumbani kuandika barua za kazi na kufagia nywele. Kwa hiyo kila Jumapili mchana, stoo ya saluni, kati ya ndoo za shampuu, nilikuwa na nchi yangu.

Jimbo la Minara.

Jimbo la wachawi watupu. Nililijenga mwenyewe, mto kwa mto, mlima kwa mlima. Kila mchawi ana mnara wake na kengele yake, na uchawi wake unafanya kazi pale tu kengele inaposikika. Ukitoka nje ya mlio wa kengele yako, wewe ni mtu wa kawaida, unaweza hata kukimbizwa na bata.

Na kwenye mnara uliokuwa mfupi kuliko yote aliishi Bibi Chafya. Kikongwe mwenye mguu mbaya, ambaye hawezi kufanya uchawi bila kupiga chafya kwanza. Huyo ni bibi yangu mtupu. Bibi alikuwa akitaka kukuambia ukweli mchungu anapiga chafya kwanza, kisha anasema, "Kaa chini, mjukuu wangu." Ukisikia chafya tu, unajua umekwisha.

Alipofariki, nilimweka mle ndani. Sikuwa na mahali pengine pa kumweka.

Sasa yule msichana akatoa boksi kwenye plastiki, akaliweka juu ya meza ya rangi za kucha.

Juu limechorwa minara. Na kengele.

Nikaacha ufagio. Nikafungua. Mto wangu ulikuwemo. Mlima wangu ulikuwemo. Bata walikuwemo!

Nikafungua kitabu cha mchezo, sura ya kwanza. *Wachezaji wanaanza safari kwa kumuua Bibi Chafya, kizee kiguru wa Mnara Mfupi. Atakayemkata kichwa anapata alama za ziada.*

Alama za ziada.

Nyuma ya boksi kulikuwa na picha ya watu wa kampuni iliyolitoa. Katikati, mikono kifuani, meno yote nje: Wakili.

Wakili hakuwa wakili. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila dadu ikimkataa alikuwa anaanza, "Kwa mujibu wa kanuni..." Alicheza stooni kwetu muda mrefu tu, kisha akahamia mjini bila kuaga. Bibi Chafya alikuwa akimshinda kila mara, na mwenzetu alikuwa akichukia kweli kweli, mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

"Dada, unalia?" msichana akauliza.

"Ni dawa ya nywele," nikasema.

Alibaki. Hakuwa na kwao pale mtaani, alisema amehamia karibuni. Jumapili ile akakaa mezani pamoja na wachezaji wangu wawili, Fundi Simu na Nesi. Tukamwita Mgeni, jina likaganda.

Alicheza vizuri, jamani. Alichagua kuwa mwanafunzi wa Bibi Chafya. Alikuwa anamuuliza bibi maswali ambayo hakuna aliyewahi kuuliza. Siku moja akasema, "Bibi, kwa nini mnara wako ni mfupi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu nilipoliumba jimbo.

Nikamjibu. Bibi Chafya ndiye aliyewafundisha wachawi wote. Kila mwanafunzi akihitimu, bibi alikuwa akichomoa tofali kwenye mnara wake na kumpa: "Nenda kaanzie kwako." Minara yote mirefu ya jimbo imesimama juu ya tofali lake.

Mgeni akainamisha kichwa. Nesi akavuta kamasi, akasingizia mafua.

Na kuna jambo jingine la Mgeni. Pale mezani tuna jiwe dogo jeusi. Kwenye jimbo langu, mchawi akiahidi kitu huku ameshika jiwe, akivunja, kengele yake inakuwa bubu milele. Mchezo huo tukauhamishia hata kwenye maisha. Fundi Simu aliwahi kushika jiwe akaahidi kunyoa ndevu akishindwa na zimwi. Akashindwa. Akanyoa, na harusi yake ilikuwa kesho yake. Picha zipo, anafanana na kaka yake mdogo.

Siku moja Mgeni akanisukumia jiwe.

"Nataka uniahidi kitu. Siku ukinikasirikia, usinitaje mbele ya watu. Njoo uniambie mwenyewe."

"Nitakukasirikia kwa lipi, mdogo wangu?"

"We shika tu."

Nikashika. Nikaahidi. Ahadi ndogo tu, kama ya kumtunzia mtu mwavuli.

Lakini moyoni nilikuwa napika kitu kingine.

Sikuwahi kujua kama nina kisasi. Mimi ni yule mtu anayemwomba mende msamaha. Ila nilikuwa nikilala naiona ile sentensi. *Alama za ziada.* Nilikuwa nikiosha ndoo namjibu Wakili. Nilikuwa nikisuka mteja namjibu Wakili. Shangazi akaniuliza, "Unamnong'oneza nani, au ndo hao wachawi wenyewe?"

Kisha tukasikia kampuni inakuja kuutangaza mchezo ukumbi wa mtaani. Wakili mwenyewe atasimulia jukwaani, na watachukua wachezaji watatu kutoka kwa watazamaji.

"Watatu," Fundi Simu akasema, anatuhesabu kwa macho. "Huyu amejichimbia mwenyewe."

Mpango ulikuwa rahisi. Tunapanda. Tunacheza. Namuuliza kuhusu mnara mfupi, maana kwenye kitabu chao hakuna jibu, na yeye alihama kabla sijalisema. Akigugumiza, nachukua maiki naeleza kila kitu. Namtaja. Namvua nguo mbele ya ukumbi mzima.

"Wewe Mgeni utakuja?" Nesi akauliza.

"Siku hiyo nina kazi," akasema. Hakututazama.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tulinyoosha mikono kama tunafukuza nyuki, tukachaguliwa. Wakili aliponiona akapoteza rangi kidogo, kisha akatabasamu lile tabasamu la kwenye boksi.

"Karibuni, mashujaa! Mbele yenu ni Mnara Mfupi. Mle ndani kuna kizee. Mnafanya nini?"

"Tunamuua," nikasema.

Nesi akanigeukia. Haikuwa kwenye mpango.

"Kwa mujibu wa kanuni, rusha dadu."

Nikarusha. Dadu ikakubali, Bibi Chafya akafa. Ukumbi ukapiga makofi, na mimi kila kofi nililihisi shavuni.

"Hongera! Alama za ziada!"

"Swali kidogo, msimulizi. Kwa nini mnara wake ni mfupi?"

Wakili akacheka. "Kwa sababu alikuwa fukara!"

Watu wakacheka.

"Hapana," nikasema. Nikawaeleza. Tofali kwa tofali. Kicheko kikaisha taratibu, kama bomba linalofungwa. "Kwa hiyo sasa amekufa, tofali zake zimekufa naye. Minara yote ya jimbo imeanguka. Hakuna wachawi, hakuna jimbo. Mchezo wako umekwisha sura ya kwanza."

Kisha mtu nyuma akapiga kelele, "Kaka, umejibomolea nyumba mwenyewe!" Ukumbi ukalipuka. Wakili anapekua kitabu, jasho linadondokea kurasa. Nisiwadanganye, nilisikia raha mpaka kwenye kucha.

Mama mmoja mwenye miwani akasimama safu ya mbele. Bosi wa kampuni.

"Binti, hilo halimo kwenye kitabu, na ni zuri kuliko kitabu. Umelijuaje?" Akageukia pembeni ya jukwaa. "Mwandishi hebu apande. Wewe unalijua hili?"

Nikadhani wanamwita Wakili. Wakili hakusogea.

Pazia likafunguka.

Akatoka Mgeni.

Mgeni wetu. Ana beji ya kampuni shingoni, midomo imemkauka. Mshereheshaji akamshika Wakili bega, akasema kwa bashasha, "Mwandishi wetu! Na huyu msimulizi ni kaka yake wa damu, talanta ya familia hiyo!"

Nesi akaninong'oneza, "Mtaje. Wataje wote wawili."

Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Bosi akasema, "Sema usiogope. Kama kuna mtu mwingine aliyelitunga hili, namtaka kazini kwangu Jumatatu."

Kazi. Mimi, wa barua zisizojibiwa.

Nikamtazama Mgeni. Hakunikonyeza, hakuniomba. Alikuwa amekunja kiganja kama mtu aliyeshika jiwe.

Niliwachukia wote wawili sekunde ile. Naandika hivi nikiwa bado nina masalia ya chuki hiyo. Jina la Mgeni lilifika mpaka kwenye meno.

"Nimelisikia kwa bibi yangu," nikasema. "Alikuwa na ukuta wa uani. Kila mwanawe akianza kujenga, anambomolea tofali."

Na ni kweli. Bibi alikufa ukuta ukiwa umebaki magotini.

Nikarudisha maiki. Nikashuka.

Kesho yake Mgeni alikuja saluni. Shangazi akamkaribisha kwa ufagio, nikamzuia. Nilikuwa nimeahidi kumwambia mwenyewe, nikamwambia. Nilimwambia kila kitu mpaka sauti ikanikauka. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yake.

Alikuwa amevunjika mguu, amelala nyumbani na plasta. Kila Jumapili kaka yake alikuwa akirudi anamsimulia Jimbo la Minara, kama lake. Yeye akawa anaandika ili maumivu yapite. Kampuni ikapenda, akapata kazi, kaka akaingia kwa mgongo wake. Kumuua bibi lilikuwa sharti la kaka.

"Nikimuuliza kwa nini mnara ni mfupi, ananiambia andika tu. Nikajua si lake. Nikaja kumtafuta mwenyewe. Nikakuona unalia, nikaogopa kusema."

"Ungesema."

"Na wewe jana ungesema."

"Mimi nilishika jiwe."

Akalia. Nikamwacha alie, sikumpa hata kitambaa. Baadaye nikampa.

Kitabu kimechapwa upya. Bibi Chafya yuko hai, hauawi kwa kanuni yoyote, na tofali zimeandikwa vizuri kuliko nilivyosimulia mimi. Wakili hasimulii tena popote, akianza tu watu wanapiga chafya. Jina langu halimo, na Jumatatu ile nilikuwa nafagia nywele kama kawaida.

Nilichojifunza? Kisasi kitamu sana, wasikudanganye. Ila uliza kwanza tofali ulilokanyaga ni la nani.

Najua mtaniandikia kwenye maoni: ni nani huyo, mchezo unauzwa wapi, tukamnyooshe. Msihangaike. Hiyo minara si minara, na chafya haikuwa chafya. Nimebadilisha vyote, hata jina la jimbo, kitu pekee nilichowahi kukijenga, ili msimpate.

Nimeshika jiwe hapa ninapoandika.