Mjohoro wa Uani kwa Mama Pasi

Tulimwita Mama Pasi kwa sababu hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, na kwa sababu mtaani kwetu hapakuwa na aliyeweza kunyoosha nguo kama yeye. Ukimpelekea shati lililokunjamana mpaka umelikatia tamaa, unalikuta jioni limetulia, kola imesimama wima. Mwenyewe alipenda kutania, "Mwanangu mkubwa ni pasi ya mkaa, mdogo ni ya umeme. Wote wawili wanaunguza."

Aliolewa katika nyumba ile angali msichana. Mume wake akasafiri kwenda kutafuta maisha, na alipoyapata hakurudi. Mwanzoni zilikuja simu, kisha zikaja salamu tu, kisha na salamu zikakatika. Talaka hakupewa, mume hakuwa naye. Alichoachiwa ni mama mkwe ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kukataa kazi, na baada ya muda ikaacha kazi kabisa. Kila Mama Pasi alipogusia kurudi kwao, dada yake alimuuliza, "Na huyo mzee utamwacha na nani?" Naye anainama, anapuliza mkaa.

Uani palikuwa na mjohoro uliopandwa na marehemu baba mkwe. Chini yake ndipo alipofanyia kazi. Nyaya zote za kuanikia zilianzia kwenye shina, zikatawanyika mpaka ukutani, na siku za jua ungedhani mti wenyewe umevaa mashuka ya watu. Matawi yalilala juu ya bati la chumba cha nyuma, na chumba hicho ndicho alichokuwa akilala mama mkwe. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha. Bibi yule alishinda hapo, akimtazama mkwewe akifua, akianua, akikunja.

Dalili hazikuja kwa pamoja. Kwanza upande mmoja wa mti ukaanza kupukutisha majani wakati upande wa pili ni kijani. Mama Pasi akadhani ni kiangazi. Kisha akawa anakuta unga mwembamba juu ya mashuka meupe, kama unga wa ngano uliomwagika. Akafuata unatoka wapi, akaona vitobo vya wadudu kwenye shina. Masika yalipokuja, uyoga ukaota pale chini kwenye shina, mpana, umepangana kama masikio. Akaufagia. Ukaota tena. Na siku moja mchana, hakuna upepo wala jani linalotikisika, tawi nene kama paja likaanguka kwenye beseni alilokuwa ametoka kuinamia.

Alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa na kazi na familia mji wa mbali. Nyumba sasa ilikuwa mikononi mwake.

"Shemeji, huu mti unaumwa."

"Mti nao unaumwa?" Akacheka. "Shemeji, huo ni ukumbusho wa baba. Asiuguse mtu mpaka nije."

"Utakuja lini?"

"Nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Mama Pasi akamwendea jirani mwenye msumeno wa mashine, anayepasua kuni. Jirani akaja, akainua macho juu, akakuna kichwa kwa muda mrefu. "Dada yangu," akasema, "mimi hukata miti ambayo imekwisha kuanguka. Huu una mambo yake. Kuna fundi wa miti, ndiye anayeshughulikia ile ya hospitali. Ngoja nikuitie."

Fundi wa miti alikuja na nyundo ya mbao na kamba begani. Mtu mpole, haongei mpaka amalize kuzunguka. Alikuwa akigonga shina na kutega sikio, anasogea, anagonga tena. Mahali pengine paliitika kwa uzito, pengine pakaitika kama ngoma. Akamwonyesha waya wa kwanza kabisa wa kuanikia, ule uliofungwa enzi za baba mkwe: gome lilikuwa limeumeza wote. Akamwonyesha ufa penye panda, maji yakichuruzika kutoka ndani. Mwisho akachuchumaa upande wa nyuma, mbali na nyumba, ambako udongo ulikuwa umeinuka na kupasuka.

"Hapa mizizi inaachia," akasema. "Huu haupogolewi tena. Unashushwa kwa kamba, kipande kwa kipande, kuanzia juu."

"Ningejuaje mapema?"

"Ulijua. Ndiyo maana umeniita. Tawi kavu unalolifikia ukiwa umesimama chini, kata mwenyewe. La kupandia ngazi, jiulize mara mbili. Ukiona uyoga kwenye shina, au ufa, au ardhi inapasuka, usiguse, tuite sisi." Akakunja kamba yake. "Lakini siwezi kuukata bila ruhusa ya mwenye nyumba. Na mpaka hapo, chumba hiki asilale mtu."

Hapo ndipo Mama Pasi alipobanwa. Ruhusa ilikuwa kwa shemeji, na shemeji sasa alikuwa hapokei simu. Chumba kilikuwa cha mama mkwe, na mama mkwe hataki kusikia.

"Mama, nikuhamishie sebuleni. Siku chache tu."

"Sihami."

"Fundi amesema mti utaanguka, mama."

"Mti huu aliupanda mume wangu kwa mkono wake. Nitatoka chumba hiki nikiwa nimebebwa."

Kumbeba peke yake hakuweza bila yeye kukubali. Kuondoka hakuweza. Kubaki nako ni kukaa unasikiliza. Aliniambia baadaye, mimi jirani yake, kwamba siku zile alikuwa akipiga pasi huku sikio lipo juu, mpaka akaunguza shati la mwalimu mkuu, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea. Akahamishia mkeka wake chumba kilekile cha nyuma, akalala sakafuni kando ya kitanda. Nilimuuliza sababu, maana mimi nilimwona kama anamfuata simba pangoni. Akasema, "Ningelala sebuleni, ningelala vipi?"

Mti ulianguka alasiri moja. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza na Mama Pasi alikuwa akianua mbiombio. Akasikia mlio chini ya miguu yake, kama kitambaa kipya kinachochanwa. Akatazama, akaona ardhi inafumuka. Geti lilikuwa wazi, hatua chache tu. Hakwenda getini. Alikimbilia chumbani, akamkamata mama mkwe chini ya makwapa, akamvuta kutoka kitandani bila kuomba ruhusa, wakaanguka wote wawili kati ya kabati na ukuta. Kisha bati likashuka.

Kabati liliinamia ukuta na kushikilia mzigo. Hilo ndilo lililowaokoa. Mlango ulikuwa umezibwa na shina, dirisha na matawi, na majani mabichi yaliwajaa usoni. Waliweza kupumua, lakini kugeuka hawakuweza. Nje tulikuwa tunapiga kelele na mvua inatushinda.

"Umeumia, mama?"

"Mkono. Wewe?"

"Mguu siuhisi."

Maji yakaanza kupenya, yakiwadondokea shingoni. Mama Pasi akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko woga.

"Nilikwambia, mama. Nilikwambia na ukakataa. Kwa ajili ya mti?"

Mama Pasi aliusikia moyo wa bibi ukidunda mgongoni kwake, maana walikuwa wamebanana kiasi hicho.

"Haikuwa mti," mama mkwe akasema. "Mume wangu alipanda miti mingi, mingine nimeikata mwenyewe nikapikia. Nilikuwa nakutazama pale dirishani. Kila kitu chako kimefungwa kwenye ule mti. Nikasema, ukikatwa, huyu atakusanya pasi zake aende kwao. Na mimi nitabaki na nani?"

Mama Pasi alinisimulia maneno haya zaidi ya mara moja, na kila mara alikwama papo hapo. Kwa sababu na yeye alikuwa na lake. Siku fundi alipogonga shina likalia tupu, kitu cha kwanza kilichompitia moyoni hakikuwa hofu. Alijisemea: ukianguka wenyewe, nitakuwa huru, na hakuna atakayenilaumu.

Hakumwambia mama mkwe hivyo. Alichomwambia ni hiki: "Ungeniuliza."

"Ungesema nini?"

"Sijui, mama."

Nje, jirani wa msumeno alikuwa tayari amewasha mashine, na vijana wanamhimiza akate pale penye mlango. Fundi wa miti akafika amelowa chapachapa, akaizima kwa mkono wake. Shina lilikuwa limejikunja kama upinde; ukilikata pale linaruka na kabati linakwenda nalo. Akatutuma tulete magogo, tukaegemeza kila upande, akaanza kupunguza matawi ya juu mojamoja, kwa subira iliyotutia wazimu. Kila baada ya tawi aliita, "Mama Pasi, unanisikia?" Naye akaitika. Ilipofika zamu ya shina, jua lilikuwa limekwisha kuzama. Walitolewa kupitia tundu tulilobomoa ukutani. Bibi alitoka kwanza, akiwa amebebwa, kama alivyosema.

Shemeji alipata nafasi kesho yake. Alisimama mbele ya chumba kisicho na paa, kofia mkononi, mtu mzima anatafuta pa kuweka macho. Akaanza kusema habari za mapenzi ya Mungu. Mama yake akamkatiza kutoka kwenye kiti, mkono umefungwa bendeji.

"Nichukue kwako."

"Mama?"

"Nichukue, mwanangu akaone ndugu zake." Aliposema mwanangu alimwelekezea kidole Mama Pasi, ambaye alikuwa ameegemea mlango wa jikoni na mkongojo wake. "Akitaka kurudi atarudi. Asipotaka, asiulizwe na mtu."

Basi Mama Pasi akaenda kwao. Nilimsindikiza mimi, begi moja na pasi ya umeme. Ile ya mkaa aliniachia. Njiani hakuonekana mwenye furaha. Alikuwa akigeuka nyuma kama mtu aliyesahau kufunga bomba. Alisema atakaa mwezi. Alikaa mpaka vuli ikapita, na sisi tukaanza kusema harudi, na tukasema ana haki.

Alirudi akichechemea kidogo, akapanga kibanda barabarani, mbali na ile nyumba, chumba chenye dirisha na mlango vinavyofungukia nje. Baada ya wiki chache akatuma ujumbe kwa shemeji amlete mama, maana mama alikuwa amelalamika kwenye simu kwamba huko nguo zake zinapigwa pasi ovyo. Shemeji akamleta. Wanaishi pamoja hapo kibandani mpaka leo, kitanda kimoja na mkeka mmoja, na mkekani siku hizi wanalala kwa zamu ya kubishana, maana bibi anadai godoro linamuumiza mgongo na Mama Pasi anajua anasema uongo.

Nilimuuliza siku moja kwa nini alirudi. Alikuwa anatoa majivu kwenye ile pasi ya mkaa, niliyokuwa nimemrudishia. Akasema, "Kule hakuna aliyejiuliza nikiondoka atabaki na nani." Akafunga kifuniko cha pasi, akatemea mate kidole kupima moto.