Hatukuiambia akili mnemba

Jana tumemzika mama. Leo shangazi amemletea uji.

Mama alipougua, taarifa zake zote tulizihifadhi mtandaoni. Nikaiunganisha akili mnemba humo, ndugu wakiuliza iwajibu.

Habari ya kifo kwetu haiandikwi. Mtu anafuatwa nyumbani, anaambiwa. Basi kule mtandaoni hakuna aliyegusa kitu.

Na shangazi wa Mlingotini, kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshaenda kwake.

Leo asubuhi akaiuliza akili mnemba hali ya mama. Ikamjibu, "Anaendelea vizuri. Ameomba uji."

Nimemkuta kona ya kwetu, chupa ya uji mkononi, kabla hajaona watu barazani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wifi yangu kaamka?"

Nyie mngeanzia wapi?