Nilivyokwenda kwa Wakisi Kutafuta Dawa ya Ukuta

Niliondoka nyumbani kwa hasira. Baraza la kanisa letu la Kimethodisti hapa Ngonga lilikaa Jumapili likasema: Jumapili inayofuata waumini wapige kura, kanisa la zamani libomolewe au libaki. Ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa umetoa tumbo, na watu waliogopa kukaa karibu nao.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Uashi nilijifunza kwa kuwabebea wenzangu zege, na leo nyumba nyingi za tofali kutoka hapa hadi Bondeni zimepita mkononi mwangu. Kanisa lile walilijenga babu zetu. Msingi ni mawe ya mtoni, sakafu imeinuliwa ngazi tatu kukwepa mafuriko, madirisha ni ya tao, na ukuta una unene wa tofali mbili za kuchoma zilizoshikanishwa kwa udongo mtupu. Babu yangu aliukanyaga udongo huo kwa miguu yake. Nilisimama nikaomba nipewe siku hizo sita nitafute dawa. Mchungaji, kijana aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine, akauliza siku sita nitafanya nini. Nikamwambia Mungu zilimtosha.

Jumanne asubuhi nilidandia lori la mpunga mpaka Ipinda. Nilikuwa nimesikia kwamba ng'ambo ya Matema, kwa Wakisi, lipo kanisa jingine la Kimethodisti, kubwa kwa umri kuliko letu, lililojengwa kwa tofali za namna ile ile. Linapigwa na upepo wa ziwa mwaka mzima na halijapata ufa. Nilitaka kumwona fundi anayelitunza. Toka Ipinda nilipanda bodaboda, tukapita mashamba ya kakao, kokwa zimeanikwa kwenye mikeka hadi ukingoni mwa barabara na kunukia uchachu. Usiku nililala Matema kwa binamu yangu.

Jumatano asubuhi nilivuka kwa mtumbwi uliokuwa unarudi kutoka kuuza vyungu. Milima huko inashuka moja kwa moja majini, na kijiji kimekaa kwenye kipande kidogo cha mchanga, kanisa katikati. Nililizunguka lote. Tao zile zile, ngazi tatu zile zile. Ukuta ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo, na chini umezungushiwa mkanda mwekundu wa kimo cha goti. Niliugonga kwa nyundo, ukaitika kama jiwe. Wetu ukiugonga unaitika kama debe.

Nilipoulizia fundi nilielekezwa kwa mama mmoja mfinyanzi, Sekela, umri wa binti yangu wa kwanza, anazungusha chungu kibichi juu ya kigae. Nilimsalimu, ugonile, nikamweleza shida yangu. Akasema hakuna fundi. Kila mwaka mvua zikiisha, akina mama wanaleta udongo, wanaupaka ukuta mzima, basi.

Nikamwambia kwetu tuliacha mambo hayo zamani. Ukuta wetu nimeupiga lipu ya simenti mimi mwenyewe, unene wa vidole viwili, nje na ndani. Mkono wake ukasimama juu ya chungu.

"Baba, simenti juu ya tofali za udongo?"

"Simenti nzuri," nikasema.

Akacheka, wala hakuficha. Akanivutia mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa kivulini. "Gusa tumbo lake." Nikagusa, umelowa. "Unatoa jasho. Sasa mtungi huu nikiupaka rangi ya mafuta, jasho litapita wapi?"

Nikafuta mkono kwenye suruali.

"Ukuta wenu unakunywa maji toka chini, na wewe umeuziba ngozi. Mvua ina njaa, baba. Sisi tunaipa udongo ili isile tofali. Ninyi mmeipa nini?"

Nilibishana naye mpaka akarudi kwenye chungu chake. Ndipo nikaenda ukutani, nikakwangua kwa mwiko pale chini kabisa. Udongo ulitoka kama ganda, na tofali la ndani lilikuwa kavu, jekundu, kama limetoka tanuruni jana. Nikakumbuka vumbi jekundu linalofagiwa kanisani kwetu kila Jumamosi, ambalo miaka yote nimesema ni mchwa.

Alhamisi nilirudi. Sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kanisani. Nilichukua tindo nikabandua lipu yangu kipande cha ukubwa wa mlango. Mistari minne ya chini ya tofali ilikuwa imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kuanzia mstari wa tano, tofali zilikuwa nzima.

Jumapili, kabla ya kura, niliomba nafasi. Nikasema mistari minne nitaibadilisha kidogo kidogo, ila anayeua kanisa ni simenti, na simenti niliiweka mimi. Halafu nikamgeukia Mama Tumpe, kiongozi wa akina mama. Mwaka niliopiga lipu ile, nilipowafukuza akina mama na ndoo zao za udongo wa kupaka ukuta, nilimwambia nyumba ya Mungu si jiko. Nikayarudia maneno hayo mbele ya wote, nikaomba radhi.

Akainuka taratibu. "Mzee, jiko langu bado limesimama."

Kanisa zima lilicheka, na mimi niliacha wacheke. Akasema watapaka, lakini hawatagusa ukuta wenye simenti hata kwa kidole kimoja. Mtu akauliza nani ataibandua yote ile. Mama Tumpe akasema, "Aliyeipiga." Mchungaji akaahirisha kura hadi mvua za kwanza: ukuta ukiwa tayari, kanisa linabaki. Usipokuwa tayari, linabomolewa.

Nilichojifunza kwa Wakisi nakisema wazi. Ukuta wetu haukuugua uzee, uliugua mkono wangu. Kuta tatu nimeshazivua. Umebaki wa upande wa ziwa, ule wenye tumbo, na mawingu yameanza kukaa juu ya milima. Kesho naanza na kona.