Mkwe Mbele ya Mashine ya Kukereza

Mlango wa mashine yetu ulitolewa na mwenzangu wa kazi, na siku alipoutoa niligomba mpaka sauti ikanikauka. Ulikuwa mlango wa bati wenye kioo, wa kuteleza, unaofunika chuma kinapozunguka. Kioo kilishafifia kwa mafuta, mwenzangu alitaka kuona anachokereza, na uvumilivu ukamwishia. Mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, haikubali kuanza kazi mlango ukiwa wazi, kwa hiyo akaunganisha waya kwenye swichi ya mlango, mashine ikaamini kwamba umefungwa. Nilimwambia kwamba sasa hakuna kitu kitakachotuonea huruma humu ndani. Akasema nina maneno mengi kuliko redio.

Karakana yetu iko Manyoni, kando ya barabara ya kwenda Singida. Mimi naandika programu kwenye kompyuta iliyo kwenye kona, yeye anafunga chuma na kuendesha mashine. Ukifika msimu wa alizeti hatupati nafasi hata ya kunywa chai. Mashine za kukamulia mafuta zinavunjika shafti huko vijijini, na kila mwenye shafti iliyovunjika anataka mpya yake itoke leo.

Sijawahi kuiamini mashine ile, na nadhani ndiyo sababu tumeharibu vyuma vichache. Haina macho. Ukiiambia ipeleke kisu mahali fulani itakipeleka, hata kama hapo pana taya zinazobana chuma kinachozunguka, hata kama hapo pana mkono wa mtu. Kila programu mpya naiendesha kwanza hewani, bila chuma, kidole changu kikiwa juu ya kitufe chekundu cha kuizima. Mwenzangu akishapima mahali chuma kinapoanzia, napima tena nyuma yake, naye ananuna. Acha anune.

Asubuhi moja ya Julai, upepo ukipuliza vumbi mpaka mezani kwangu, baba mkwe wa mwenzangu alifika kutoka Issuna. Mashine yake ya mafuta ilikuwa imesimama, na magunia ya alizeti ya majirani yalikuwa yamejaa uani kwake yakisubiri. Chuma cha shafti alikuwa amekifuata mwenyewe Dodoma, kimoja tu. Alivaa koti zito na skafu ndefu ya sufu aliyofumiwa na binti yake, ambaye ndiye mke wa mwenzangu.

Kwetu mkwe anaheshimiwa mpaka anaogopwa. Mwenzangu, anayewafokea hata madereva wa malori, alishusha sauti, akatazama sakafu, akasema shikamoo baba kama mtoto wa shule. Hakumpa mkono. Wala hakumwonyesha pa kukaa, kwa sababu huwezi kumpangia mkwe mahali pa kuweka mwili wake. Nikaona hilo nilibebe mimi. Nilimwamkia mzee, nikamwomba akae kwenye benchi la mlangoni, nikamweleza kwamba chuma kikizunguka si vizuri kusogea karibu. Alinishukuru, akakaa. Nikarudi kwenye kompyuta, lakini roho haikutulia.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka mwisho, ikabaki kukata meno ya kufungia nati kwenye ncha. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Kisu kinapita njia ileile tena na tena, kila mara kikizama kidogo zaidi, na ukiisimamisha mashine katikati, kisu kinavunjika ndani ya meno na shafti inakuwa chuma chakavu. Mzee aliijua sauti ya chuma kinachokwisha. Akanyanyuka, akaja kuitazama shafti yake.

Alisimama upande wa taya, pale ambapo mlango wa mashine ungekuwepo. Akainama kidogo. Ncha moja ya skafu ikateleza kutoka begani, ikaning'inia mbele yake, na upepo wa mlangoni ukawa unaisukuma kwenda mbele na kuirudisha.

Mwenzangu alikuwa karibu na vitufe. Nilimwona akiiona. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliinua mkono kidogo, akaushusha. Nikasubiri aseme, nikijua kwamba kusubiri huko ni ujinga, kisha nikapiga kelele, "Zima!" Alinigeukia kwa uso wa mtu aliyesikia tusi mbele ya wakubwa.

Nilipokifikia kitufe chekundu, skafu ilikuwa imeshashikwa. Taya hazisimami papo hapo. Zilizunguka bado, taratibu zaidi, zikila sufu, na mzee akavutwa mpaka bega likagonga bati na shavu likalala juu ya mashine. Kisha kimya. Nilichukua mkasi wa mezani, nikaikata skafu shingoni mwake, nikiogopa kumchoma.

Shingo yake ilikuwa na alama nyekundu pande zote. Alikohoa, akajishika koo, na kitu cha kwanza alichokitazama ni shafti. Kisu kilikuwa kimevunjikia ndani.

"Binti," akasema, "mngeniambia tu nisogee."

Aliniita mimi, lakini alimtazama mwenzangu aliposema. Mkwewe alikuwa amepiga goti kwenye mafuta, akimwomba radhi kwa ajili ya chuma kilichoharibika. Chuma. Hasira iliyonipanda pale sijapata kuisikia tena, nikatoka nje nisije nikasema kitu kisichofutika.

Mzee alipopanda basi la kurudi, nilirudi ndani nikamkuta mwenzangu akichomoa nyuzi za sufu kwenye taya. Nikamuuliza kama aliiona skafu. Akasema aliiona tangu ilipoanguka kutoka begani.

"Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia," akasema.

Nikamuuliza kama sasa ameipata, kwa sababu mzee ameahidi kurudi wiki ijayo na chuma kingine. Akachomoa uzi mwingine, kisha akatikisa kichwa kukataa.